Nukta Moja Chini, Mbili Juu

Shangazi aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali kidogo na uso wake kama afanyavyo anaposoma msahafu, kisha akasema, "Sita. Alhamdulillahi, ni sita."

Tulikuwa tumeketi barazani kwetu Langoni, mjini Lamu, baada ya swala ya alasiri, punda wakipita na mifuko ya saruji, na mpwa wangu ndiye aliyekuwa ameileta simu hiyo. Ndani yake mlikuwa na picha ya barua ya babu, ambayo sote tulikuwa tumeizoea kwa ukungu wake, lakini sasa ilikuwa safi kana kwamba wino haujakauka. Alikuwa ameipitisha kwenye programu ya akili mnemba inayonoa picha, na kazi yote ilichukua sekunde chache. Herufi zilisimama, nukta zilikaa mahali pake, na hata nyuzinyuzi za karatasi zilionekana.

Barua yenyewe hatunayo tena. Paa lilivuja wakati wa masika, sanduku likalowa, na mchwa wakamalizia. Kilichobaki ni picha aliyoipiga ami kwa simu yake miaka kadhaa kabla ya hapo, usiku, chini ya taa moja. Katika barua hiyo babu aliandika, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwamba katika shamba letu la upande wa Kipungani minazi kadhaa iwe wakfu, na thamani ya nazi zake iende kwenye madrasa. Tangu utoto wangu familia imekuwa ikitoa ya minazi sita. Lakini marehemu bibi, katika siku zake za mwisho, alisema mara mbili mbele ya watu kwamba yeye alikumbuka saba.

Sasa picha ilisema sita, na baraza zima likashusha pumzi.

Nami nilishusha pumzi pamoja nao. Ilipofika usiku ndipo jambo lilipoanza kunikera, na halikuniacha kwa wiki tano.

Picha ile ya zamani nilikuwa nimeitazama mara nyingi kuliko yeyote nyumbani, kwa sababu mimi ndiye ninayewapigia majirani picha za hati zao na kuzihifadhi kwenye kompyuta. Mahali penye neno la idadi nilipajua vizuri. Palikuwa na doa la kijivu, basi. Zile nukta mbili nyeusi, zilizokaa sambamba kama macho ya samaki, zilitoka wapi?

## Dau moja, nukta tofauti

Aliyepitia chuoni anakumbuka tulivyofundishwa: be nukta moja chini, te nukta mbili juu. Herufi hizi zikiwa mwisho wa neno zina umbo lile lile la dau lililoinua tezi na omo. Babu aliandika "saba" kama Waswahili wanavyoitamka, sini kisha be, bila ya kuiweka ain ya Waarabu. Na "sita" ni sini kisha te. Tofauti ya maneno haya mawili, kwa hivyo, ni nukta moja chini ya dau au mbili juu yake, pamoja na irabu moja nyembamba ya sini, ambayo ikiwa juu inasomwa "sa" na ikiwa chini inasomwa "si". Irabu zilichorwa kwa ncha ya kalamu, na katika picha tuliyokuwa nayo hazikuonekana kabisa. Tegemeo letu likawa ni nukta.

Niliketi nikapima. Karatasi ilikuwa na urefu wa sentimita 30 hivi, nayo iliijaza karibu picha nzima, yenye pikseli, yaani vile vijisanduku vidogo vinavyoiunda picha, 1,600 kutoka juu hadi chini. Hiyo ni kusema kwamba kila pikseli ilibeba karibu milimita 0.2 ya karatasi. Upana wa nukta niliupima kwenye barua nyingine fupi ya babu iliyosalimika, iliyoandikwa kwa kalamu ile ile ya mwanzi: kama milimita 0.8, yaani pikseli nne. Pikseli nne zinatosha kabisa kuonyesha nukta, lau mkono wa ami ungetulia. Haukutulia. Kila alama katika ukurasa ule imevutwa kiasi cha pikseli tisa kwa mshazari, mfano wa chaki iliyopanguswa kwa kidole. Nukta moja iliyovutwa hivyo inakuwa kijistari hafifu. Nukta mbili zinaingiliana na kuwa kijistari kimoja kipana zaidi. Na kwa kuwa dau nalo limevutwa, huwezi tena kusema kwa yakini kama kijistari kiko juu yake au chini yake.

Swali likawa ni hili: je, nukta ingalimo ndani ya kijivu hicho, au imekwisha?

## Mwanga ulibeba nini

Kuna mpaka ambao lenzi haiuvuki kwa kung'arishwa peke yake. Mwaka 1873 Ernst Abbe, aliyekuwa akifanya kazi na Carl Zeiss mjini Jena, Ujerumani, alieleza kwamba mwanga, kwa kuwa ni mawimbi, hauwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi lake. Hata lenzi isiyo na kasoro huigeuza nukta kuwa duara dogo lenye kingo laini. Katika hadubini nzuri mpaka huo ni kiasi cha milimita 0.0002. Tundu la lenzi likiwa dogo, duara hilo hukua.

Nilifanya hesabu kwa ajili ya simu ya ami. Nilikadiria tundu la milimita 2, umbali wa sentimita 40 na mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 550, nikapata duara la karibu milimita 0.13 juu ya karatasi. Nukta ya babu ni kubwa kuliko hilo mara sita. Lenzi, basi, haikuwa na kosa. Mwanga uliitoa nukta kwenye karatasi ukaifikisha ndani ya simu. Kilichoiharibu ni mtikisiko wa mkono, pamoja na uchache wa pikseli. Na mtikisiko hautendi kama kifutio. Unautawanya weusi wa nukta juu ya eneo kubwa zaidi, lakini weusi wenyewe unabaki mle mle katika picha.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Nilianza kuamini kwamba huu ulikuwa mchele, na mchele uliomwagika mkekani huokotwa, ingawa punje chache hupotea.

Hata mpaka wa Abbe wenyewe watu wamejua kuuzunguka kwa hesabu, na namna walivyofanya inanivutia hadi leo. Mwaka 2013 Changhuei Yang na wenzake, huko California, walichukua hadubini yenye lenzi dhaifu, wakaweka chini yake safu ya taa ndogo, wakawa wanawasha taa moja baada ya nyingine na kupiga picha kila mara. Mwanga unaokuja kwa mshazari huingiza ndani ya lenzi sehemu ya habari ambayo mwanga wa wima huiacha nje. Kompyuta ikiziunganisha picha zote hizo inapata picha moja pana yenye ukali ambao lenzi ile isingeutoa kamwe kwa picha moja. Mwaka uliofuata Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa hadubini zinazouvuka mpaka wa Abbe. Katika njia mojawapo molekuli huwashwa chache chache, kitovu cha kila doa la mwanga hukokotolewa, na picha kamili hujengwa kwa maelfu ya picha.

Katika njia zote hizo hakuna aliyepata kitu bure. Kila ukali ulioongezeka ulilipiwa kwa picha zaidi, au kwa kuijua kwa hakika tabia ya chombo.

Mpwa wangu alilipa nini kwa zile nukta mbili?

## Kilichomo katikati ya pikseli

Programu za aina ile hufunzwa kwa picha nyingi mno, kila picha safi ikiwekwa pamoja na ndugu yake iliyoharibiwa. Programu hujifunza picha safi huwa zinafananaje. Ukiipa yenye ukungu, inakutolea safi inayoelekea kuwa ndiyo. Tatizo ni kwamba picha moja ya ukungu ina wazazi wengi wanaowezekana: "saba" ikififia vya kutosha na "sita" ikififia vya kutosha ni kijivu kimoja. Programu haina budi kuchagua, na inachagua kwa mazoea yake. Ikichagua vibaya jani la mwarobaini, hakuna anayedhurika.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu ya namna hiyo kwa ajili ya nyuso za watu. Mtu mmoja aliipa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa ikawa vijisanduku vichache, uso ambao hapa Kenya hata mtoto angeutambua katika hali ile, na programu ikarudisha uso safi wa mzungu. Cha kutafakari ni kwamba uso huo mpya ulitafutwa kwa sharti kwamba ukipunguzwa tena, ulingane na vile vijisanduku. Hesabu ilitimia. Uongo ulipenya katikati ya pikseli, mahali ambapo hapakuwa na shahidi.

Na haihitaji akili mnemba. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alinakili ramani ya nyumba kwa mashine ya Xerox, akakuta vipimo vya vyumba vimebadilika. Katika kuipunguza picha ili isichukue nafasi kubwa, mashine ilikuwa ikitafuta vipande vinavyofanana na kukitumia kimoja mahali pa vingine, na kwa njia hiyo 6 iliweza kugeuka 8. Tarakimu iliyobadilika haikuwa na ukungu wowote wa kumshtua msomaji. Hilo ndilo linalonitisha kuliko kosa lenyewe.

Nilifanya jaribio dogo. Nilichukua picha safi ya ile barua iliyosalimika, nikaitia mtikisiko kwa kompyuta na kuipunguza mpaka ikafanana na picha ya ami, kisha nikaipa programu ya mpwa wangu. Ilisoma vizuri mahali pengi. Lakini iliweka te mahali pa be zaidi ya mara moja, na kila kosa lilikuwa safi sawasawa na usahihi.

## Nyota ndani ya Bismillahi

Darubini ya Hubble ilirushwa Aprili 1990, na muda si mrefu ikajulikana kwamba kioo chake cha mita 2.4 kilisagwa vibaya: ukingo wake ulikuwa bapa kupita kiasi, kwa takriban milimita 0.002. Kila nyota ilizungukwa na utandu wa mwanga. Wanaanga walisafiri kwenda kuirekebisha Desemba 1993. Katika miaka ile mitatu na ushei ya kungoja, wanaastronomia walitegemea hesabu, na hesabu yao ilisimama juu ya jambo moja rahisi: nyota iko mbali kiasi kwamba kwa darubini ni nukta tupu. Ukiipiga picha nyota ukaona utandu, basi utandu huo ndio tabia ya chombo chako, hauna kitu cha nyota ndani yake. Ukishajua chombo kinavyoitawanya nukta moja, unajua kinavyotawanya kila kitu.

Njia waliyoitegemea sana ilikuwa imeandikwa na William Richardson mwaka 1972 na Leon Lucy mwaka 1974, kila mmoja kivyake. Unaanza kwa kukisia picha safi. Unalitawanya kisio lako kwa tabia ile ile ya chombo, unalinganisha na picha halisi, unasahihisha palipozidi na palipopungua, halafu unarudia.

Nami nilihitaji nyota. Nilihitaji nukta moja katika ukurasa wa babu ambayo ukweli wake hauna mjadala, ili niutazame mkono wa ami umeifanya nini. Siku kadhaa nilihangaika na madoa ya karatasi na pembe za ukurasa. Asubuhi moja nilikuwa nikifungua daftari langu la kazi, nikaandika Bismillahi juu ya ukurasa kama kawaida yangu, na kalamu ikasimama kwenye herufi ya kwanza.

Barua ya babu nayo inaanza kwa Bismillahi, na chini ya be yake pana nukta moja.

Niliifungua picha nikaikuza hadi nukta hiyo ikajaza kioo cha kompyuta. Ilikuwa na umbo la kiluwiluwi: kichwa kizito upande wa chini kushoto, kisha mkia unaopanda kwenda kulia, ukijipinda kidogo karibu na ncha. Nilimwona ami mle ndani. Mkono ulitulia kwa kitambo, kidole kikakibonyeza kitufe, simu ikaruka. Nilitafuta be nyingine zisizo na shaka, nikaipata ya "wa baadu" inayofuata salamu, na kiluwiluwi kilikuwa ni kile kile. Niliziweka pamoja, nikaondoa kwa hesabu upana wa nukta yenyewe, nikabaki na njia iliyopitwa na mkono.

## Picha tisa

Hesabu ya kwanza, kwa picha moja peke yake, ilinipa ukurasa unaosomeka vizuri kidogo kuliko zamani na neno la idadi lililo gizani bado. Nilikwenda kwa ami.

"Ami, usiku ule ulipiga picha moja tu?"

"Nilipiga nyingi, mwanangu. Mkono ulikuwa ukinitetemeka, nikawa narudia na kurudia. Niliyowatumia ndiyo iliyokuwa afadhali."

Simu yake ya zamani ilikuwa katika mtoto wa meza, betri imevimba, haiwaki. Tuliitoa kadi ya kumbukumbu kwa ncha ya sindano. Zilikuwemo picha tisa.

Ni vigumu kueleza furaha yangu kwa mtu ambaye hajawahi kuihangaikia kazi ya aina hii, kwani picha tisa mbovu ni bora kuliko moja iliyo nzuri kiasi. Pikseli ni kama matundu ya jarife, na kila mtikisiko uliisogeza karatasi kwa nusu tundu au robo tundu, hivyo kwamba kilichopita katikati ya pikseli katika picha moja kilinaswa katika nyingine. Tsai na Huang waliandika hesabu ya jambo hili mwaka 1984. Desemba 1995 Hubble ilikodolea macho kipande kidogo cha anga kwa siku 10, ikapiga picha 342 huku ikisogezwa kidogo kidogo kwa makusudi, na picha hizo zikadondoshwa kwenye gridi moja yenye matundu madogo zaidi. Simu kadhaa za leo hutumia tetemeko la kawaida la mkono kwa kazi hiyo hiyo. Na kulikuwa na faida ya pili: mkono wa ami uliruka kwa upande tofauti kila mara, kwa hivyo alama iliyovutwa kwenda kulia katika picha moja ilikuwa nzima kwa upande huo katika nyingine.

Kuzilaza picha moja juu ya nyingine kulinichukua usiku kumi. Karatasi ilikuwa imejikunja, na taa ya chumba ilimulika upande mmoja. Moja niliiacha kwa sababu mkono ulizunguka badala ya kuruka. Nane zilibaki, kila moja na kiluwiluwi chake kilichopimwa kwenye Bismillahi yake.

## Hofu ya mkono wangu mwenyewe

Jibu la kwanza lilipotoka, chini ya dau palikuwa na nukta moja nyeusi. Nilisimama kwenda kumwita shangazi, kisha nikaketi tena.

Nilikuwa nimeirudia hesabu ile mara 200. Kila mstari wa maandishi ulikuwa umezungukwa na pete nyembamba, na chengachenga za picha za usiku zilikuwa zimeanza kujikusanya na kuwa punje. Punje hizo zilifanana na nukta. Njia hii ya hesabu, ukiisukuma kupita kiasi, nayo hubuni. Tofauti yake na programu ya mpwa wangu ni kwamba inaacha dalili, na mwenye kutaka kuziona ataziona. Nilirudi kwenye mara 20. Nukta ilififia, lakini haikuondoka.

Bado sikuridhika, kwa sababu nilikuwa nikijua ninachokitafuta, nami nilimpenda bibi.

Wale waliotoa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi la galaksi ya M87, mwezi Aprili 2019, walikuwa na hofu hiyo hiyo, na ya kwao ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu darubini zao chache zilizotawanyika duniani ziliacha mapengo makubwa ambayo hesabu ilipaswa kuyajaza. Walijigawa katika makundi manne yasiyosemezana, kila moja likatengeneza picha yake. Tena walizijaribu programu zao kwa data ya bandia, ikiwemo ya kisahani kisicho na shimo, ili waone kama zitachora pete mahali ambapo hapana pete.

Nilifanya kama wao kwa kadiri ya uwezo wangu. Niliandika "saba" na "sita" mara nyingi kwa kalamu ya mwanzi, nikazipiga picha usiku kwa simu mbovu huku nikiutikisa mkono, nikampa mpwa wangu azipitishe kwenye hesabu bila ya kujua lipi ni lipi. Tulikubaliana idadi ya marudio kabla ya kuona jibu lolote. Kijana huyu, aliyekuwa amenuna kwa kuona naitilia shaka picha yake, alikaa nami hadi saa sita za usiku, na ndiye aliyependekeza tuwe tunaondoa picha moja kati ya zile nane na kurudia kwa zilizobaki, ili tujue kama nukta inategemea picha moja tu.

Haikutegemea. Kila mara ilikuwepo, chini ya dau, kushoto kidogo.

Lakini juu pia palikuwa na kitu. Upande wa kulia wa dau, karibu na meno ya sini, kulikuwa na kivuli kirefu chembamba ambacho hakikuwa nukta wala hakikukubali kuondoka. Kila nilipojiambia ni doa la karatasi, nilijiuliza kama ningesema hivyo lau kingekuwa kinaniunga mkono.

## Maalim

Nilikwenda Mkomani kwa maalim mmoja ambaye amesoma khati za zamani maisha yake yote. Nilimbusu mkono, nikaketi, nikamwonyesha kwanza ile picha nzuri ya programu. Aliitazama kwa muda mfupi.

"Hini si khati ya mtu mmoya," alisema.

Alinionyesha kwa ncha ya kidole. Babu alikuwa akikaza kalamu mwanzo wa sini na kuilegeza kwenye meno. Katika picha ile mistari yote ilikuwa na unene mmoja, kama iliyopigwa chapa. Hapa pana mkono wa mtu, hapa pana mkono wa mwingine. Kisha akaitaka ile mbovu, na baada yake akaitaka barua iliyosalimika, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza na kunyamaza kwa muda mrefu.

Aliniambia nihesabu te zote katika barua ile iliyosalimika, nimwonyeshe moja yenye nukta mbili. Sikuipata. Babu hakuwa akiinua kalamu kati ya nukta ya kwanza na ya pili. Aliziandika kwa mpigo mmoja, kijistari kifupi kinene juu ya dau. Aliandika neno zima kwanza, kisha akarudi kutia nukta na irabu, na kwa haraka ya mkono zote zikaangukia kushoto ya mahali zilipostahiki. Kwa hivyo kama neno lingekuwa "sita", kijistari kingekuwa juu, kushoto ya dau. Pale, katika picha yetu ya hesabu, palikuwa peupe.

Nilikuwa nimetafuta kwa wiki nzima nukta mbili ambazo babu hakuwahi kuziandika maishani mwake.

"Na hiki, Maalim?" Nilimwonyesha kivuli chembamba kilichonisumbua.

Alikipima kwa macho kutoka kwenye meno ya sini, akalinganisha na irabu za barua ya pili, zilizoangukia kushoto vile vile. Akasema huenda ikawa fataha ya sini, ile irabu ya juu inayoifanya isomwe "sa". Alilirudia neno "huenda" mara mbili, nami nikaliandika mara mbili katika daftari.

## Shamba

Nilipowaeleza nyumbani sikuficha chochote. Nilisema nukta iliyo chini nina yakini nayo kadiri hesabu inavyoweza kunipa yakini; kwamba mahali pa te ni peupe; kwamba kivuli ninakiita fataha kwa kauli ya maalim, na kwa picha peke yake nisingethubutu. Niliweka mezani karatasi mbili, picha ya programu na picha yetu. Ya programu ilikuwa nzuri zaidi kwa mbali. Mpwa wangu ndiye aliyeandika juu yake kwa kalamu nyekundu, "Picha hii imekisiwa," akatia tarehe.

Shangazi aliitazama ile yetu kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama ile ya kwanza, akiisogeza mbali na uso na kuirudisha.

"Mama alisema," alisema. Hakuongeza neno.

Ya miaka iliyopita bado tunaihesabu, na ami na shangazi hawajakubaliana tuanzie mwaka gani. Lakini wakwezi walikuja wiki iliyopita, nasi tukaenda nao hadi upande wa Kipungani. Minazi sita ya wakfu inajulikana kwa alama zilizochongwa shinani. Wa saba hakuna aliyeujua, kwa hivyo shangazi alizunguka shamba taratibu, mkono mmoja begani kwa mpwa wangu, akausimamia ule ulio karibu na kisima, ambao kila mtu nyumbani anajua kuwa ndio unaozaa kuliko yote.

Mkwezi alikuwa ameshafunga kamba miguuni. Aligeuka akamwuliza ami, "Na huu pia ni wa madrasa?"

"Na huo pia," ami alijibu, akampa panga achonge alama.